Miezi Minne Matiko Alipokuwa Mpole

Waisiko hakuwahi kuwa rafiki yangu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa hapa Nyanungu wakinisikia namtaja hudhani tulikuwa kama ndugu. Tulikuwa majirani, mashamba yetu ya mihogo yalipakana, na kwa miezi minne ya mwaka 1954 tulikuwa na siri moja. Basi. Mimi Mogesi nilikuwa mke wa nne wa Matiko, na Waisiko alimchukia Matiko kuliko kitu chochote kilicho juu ya ardhi.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Aliolewa angali msichana, akakaa kwa mume miaka sita bila kupata mtoto, mume akafa, akarudi kwa baba yake. Aliporudi alimkuta mama yake ana mimba ya uzeeni. Mama akafa akijifungua, mtoto akabaki. Waisiko alimchukua yule mtoto akiwa bado na damu ya uzazi, akamlea kwa maziwa ya mbuzi na uji mwepesi wa ulezi, akambeba mgongoni mpaka shambani. Ndiye Simoni. Kwa hesabu ya watu alikuwa mdogo wake. Kwa Waisiko alikuwa mwanawe, na ukisema vingine anakutazama mpaka unanyamaza.

Simoni alikua kijana mpole. Alijifunza useremala kwa mapadri, akabatizwa huko, akawa anatengeneza milango na vigoda. Wenzake wa rika lake walipokwenda usiku kuchukua ng'ombe za watu ng'ambo ya mto Mara, yeye alibaki. Walimcheka. Walimwambia ana moyo wa kike. Simoni anacheka nao, kisha anarudi kwenye randa yake.

Mume wangu Matiko alikuwa mtu wa namna nyingine. Ujanani alikwenda sana kuvamia, na alipopata umri akaacha kwenda, akawa anatuma. Nyuma ya zizi letu kulikuwa na chungu kikubwa ambacho sisi wake hatukuruhusiwa kupikia kitu kingine. Humo alichemsha nyama na magome mekundu ya mti mmoja wa miiba. Vijana walikunywa supu hiyo kabla ya safari. Ukiinywa mara moja unachangamka, usingizi unakimbia. Ukiinywa siku mbili tatu mfululizo, macho yanakuwa mekundu, mikono inatetemeka, na hofu inatoka kabisa, hata ile hofu ndogo inayomfanya mtu asiingie kwenye moto. Ng'ombe waliporudi, walilala kwanza kwenye zizi letu, na Matiko ndiye aliyechagua wa kwanza.

Mwaka 1952, mwezi wa Agosti, Matiko alimwita Simoni aje kutengeneza mlango wa nyumba ya mke mkubwa. Kazi ya siku tatu. Siku ya kwanza mchana, Matiko akaniita.

"Mama Gati, mpelekee fundi supu. Amefanya kazi."

Nilichota kutoka kile chungu. Nilijua ni chungu gani. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilikuwa sijawahi kumwambia mume wangu hapana. Nilibeba bakuli kwa mikono miwili, nikampa Simoni, naye akasema, "Asante, shemeji," akanywa yote.

Siku ile alipiga randa huku anaimba. Siku ya pili hakupumzika hata kidogo. Alikuwa anacheka peke yake, jasho linamtoka, akaniambia hajalala lakini hasikii uchovu. Nikampelekea tena. Siku ya tatu alipiga msumari mpaka ubao ukapasuka, akautupa ule ubao, akamtukana kijana mmoja aliyekuwa anapita. Simoni, ambaye hatukuwahi kumsikia akitukana. Jioni vijana walipokuja kunywa, alikunywa nao. Matiko akamshika bega.

"Leo wewe ni mwanamume," akamwambia, akampa mkuki wake mwenyewe.

Waliondoka kumi na moja. Walirudi kumi, bila ng'ombe.

Waisiko alikuja kwetu asubuhi ile bila kilio. Alisimama katikati ya boma akamuuliza Matiko kwa sauti ile yake nzito, "Ulimpa nini mtoto wangu?"

"Nilimpa chakula cha fundi," Matiko akajibu. "Alikwenda kwa miguu yake. Mimi sikumshika mkono."

Jambo lilifika kwenye iritongo, mkutano wa watu wote wa hapa kwetu. Matiko akasema hivyohivyo, na wazee wakakubali, kwa sababu nusu yao walikuwa wamekula ng'ombe zake. Nami nilikuwepo, nimekaa na wanawake wenzangu. Waisiko alinitazama mara moja tu. Sikusema kitu.

Baada ya mavuno Waisiko alifunga mzigo akaondoka peke yake. Alivuka Mara mahali pa kina kifupi, akaenda mpaka Mbalibali, kwa watu ambao vijana wetu walikwenda kuwaibia. Sisi tulisema huyo hatarudi. Yeye alitaka tu kuona kaburi.

Haya yaliyomkuta huko alinieleza mwenyewe baadaye. Alifika kwa mama mmoja mzee aitwaye Kezia, Mkristo, ambaye ndiye aliyelazimisha Simoni azikwe badala ya kuachwa porini, kwa sababu aliona medali ya ubatizo shingoni mwake. Mume wa Kezia, Nikodemo, ndiye aliyemchoma mkuki. Waisiko alipoambiwa hivyo alikuwa ameketi kwenye kigoda chao, ameshika kata ya maji yao.

"Kijana wako alikuja anacheka," Nikodemo alimwambia. "Nilimpigia kelele arudi. Nilimwambia, mura, kijana, rudi, sitaki kukuua. Akaja tu. Alikimbilia mkuki kama mtu anayekimbilia kwao. Povu mdomoni. Mpaka leo namsikia anacheka."

Waisiko aliniambia alitafuta hasira yake kwa mzee yule akaikosa. Aliyeshika mkuki alikuwa analinda ng'ombe wake. Hasira yote ilirudi kwa Matiko, ikawa kubwa zaidi.

Nikodemo baada ya kuua alikuwa hawezi kulala wala kutulia. Alikuwa anawapiga watoto, analia, anatoka nje kila saa. Kezia akaanza kumpa unga wa mzizi mmoja mweupe, kijiko kimoja kwenye maziwa ya jioni. Mzizi wenyewe unaota kando ya vijito, na harufu yake ni kama ngozi iliyolowa. Baada ya juma moja Nikodemo akawa analala. Baada ya mwezi akawa anaweza kusimulia.

"Lakini si dawa ya wagonjwa tu," Kezia alisema. "Hata mzima akiutumia utamlainisha. Hasira zinakosa mahali pa kukaa."

Waisiko akasema anataka kuujaribu. Alikula siku kumi. Mwanzo mdomo ulimkauka na miguu ikawa mizito. Siku ya tano alilala mpaka jua likatoka, jambo ambalo hakulifanya tangu Simoni azaliwe. Siku ya nane alijikuta anacheka na watoto wa Kezia. Siku ya kumi alikaa kando ya kaburi la Simoni akasikia moyo wake umetulia kabisa, hauna donge, hauna moto. Akasema moyoni, labda siku ya Simoni ilikuwa imefika.

"Nilipojisikia nasema vile, niliogopa," aliniambia. "Nikaingia nyumbani nikaumwaga ule unga wangu motoni. Nilikuwa nataka hasira yangu. Ni kitu pekee Simoni alichoniachia."

Alikaa Mbalibali karibu mwaka mzima. Alijifunza mzizi unachimbwa lini, unakaushwa vipi, kipimo cha mtu mnene ni kipi na cha mwembamba ni kipi. Akarudi mwanzoni mwa 1954 na mfuko wa ngozi umejaa.

Alinifuata shambani, nikiwa nang'oa mihogo, jicho langu moja limevimba. Matiko siku hizo alikuwa mbaya kuliko zamani. Yeye mwenyewe alikuwa anakunywa ile supu yake kila siku, na mkono wake ulikuwa mwepesi.

"Shikamoo dada," nikamwambia.

Hakuitikia. Alinipa kifurushi kidogo cha majani ya mgomba. "Kijiko kimoja kwenye maziwa yake ya jioni. Kila jioni. Ukisahau siku moja nitajua."

"Ni sumu?"

"Ningetaka kumuua ningekuja na panga. Ni kitu cha kumpoza. Na ile supu yake, mpunguzie magome. Tia nyama nyingi, hatajua."

"Mbona unanisaidia, dada?"

"Nani amekwambia nakusaidia?"

Nilichukua. Kama ungekuwa na jicho lile ungechukua.

Juma la kwanza alilala sana, akadhani ana malaria. Juma la tatu nilimwangushia kibuyu cha maziwa miguuni, nikajikunja nisubiri kofi, yeye akainama akaokota vipande. Mke mkubwa alinitazama, nikaangalia pembeni. Mwezi wa pili chungu cha nyuma ya zizi kilikaa siku nyingi bila moto. Vijana wakija anawaambia, "Nendeni mkalale, mura, ng'ombe wapo." Mwezi wa tatu alimbeba binti yetu Gati mabegani akaenda naye mpaka mtoni kumwonyesha viboko. Jioni alikuwa anakaa mlangoni kwangu, ananisimulia mambo ya utoto wake, jinsi alivyoogopa radi. Sikujua kwamba Matiko aliwahi kuogopa kitu. Nasema ukweli wangu: miezi ile nilimpenda mume wangu. Kabla yake sikumpenda na baada yake sikumpenda.

Nilidhani Waisiko anataka hivyo. Nilidhani ameamua kumnyang'anya Matiko ukali wake, vijana wengine wasife, na hayo yanamtosha.

Siku moja Matiko alikutana naye njiani, Gati yuko mabegani. Nilikuwa nyuma yao na kuni.

"Waisiko, habari za nyumbani?" Matiko akamwambia, uso mkunjufu, anatabasamu. "Mihogo yako imestawi mwaka huu."

Hakuwa anamdhihaki. Hakumkumbuka Simoni hata kidogo. Ndiyo maana aliweza kutabasamu vile. Waisiko alisimama pale na jembe lake. Kisha akageuka akarudi alikotoka.

Jioni ile alikuja mpaka jikoni kwangu.

"Nipe unga uliobaki."

"Dada, unga unamfaa, hata wazee wanasema..."

"Nimempa raha," akasema. "Unasikia, Mogesi? Mimi, Waisiko, nimechimba kwa mikono yangu, nimekausha, nimetwanga, nimempa muuaji wa mtoto wangu raha ambayo mimi niliikataa. Analala! Anabeba mtoto mabegani! Lete unga."

Nilipiga magoti. Nilimwambia kwamba Matiko ataanza tena kunipiga. Nilimwambia afikirie Gati. Waisiko aliinama, akanishika mkono huu wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akautazama.

"Mkono uliobeba bakuli," akasema. Basi alijua siku zote. Akachukua unga akaondoka.

Siku tano za kwanza hakuna kitu. Siku ya sita Matiko aliamka katikati ya usingizi akiwa amelowa. Akaacha kula. Akawa anatembea boma zima mchana kutwa, anagusa nguzo, anahesabu ng'ombe kisha anahesabu tena. Alirudi kwenye supu yake ili apate nguvu, nayo ikamzidishia. Na safari hii hasira haikuja peke yake. Wakati ametulia alikuwa amelainika mahali fulani ndani yake, na pale mahali palibaki wazi. Alianza kuwataja vijana. Sio Simoni tu. Walikuwa wengine kabla yake, mmoja mwana wa dada yake mwenyewe. Anakaa na chakula mbele yake, ghafla anasema, "Yule mtoto alikuwa na pengo la meno," na hatuna hata haja ya kuuliza ni nani.

Siku ya ishirini na kitu aliniuliza kwa nini maziwa yana ladha nyingine. Nikasita. Akachukua fimbo. Pigo la tatu lilivunja mkono wangu hapa, juu ya kifundo, na mimi nikapiga kelele, "Usingizi wako uko kwa Waisiko! Nenda kamwombe Waisiko!"

Nikamweleza yote nikiwa chini.

Alikwenda na ile fimbo. Nilimfuata nimeshika mkono wangu, nikijua naenda kuona mwanamke anauawa, na sehemu yangu moja ikiwa inataka hivyo. Waisiko alikuwa nje ya nyumba yake, ungo mapajani, anapepeta ulezi. Alimwona anakuja. Hakuinuka.

"Mchawi," Matiko akasema. "Umenilisha nini?"

"Chakula cha fundi," akajibu.

Matiko akainua fimbo.

"Nipige," Waisiko akamwambia, na mikono yake iliendelea kupepeta. "Nipige mpaka nife. Halafu rudi nyumbani ukalale. Kama unaweza."

Fimbo ilikaa juu muda mrefu. Kisha ikashuka yenyewe, na Matiko akashuka nayo, akakaa chini kwenye makapi ya ulezi kama mtoto.

"Nipe tena," akasema. "Ulichokuwa unanipa. Nipe, nitakupa unachotaka."

"Nataka useme kwenye iritongo ulimpa nini Simoni."

"Nikisema, utanipa?"

"Ukisema, nitafikiria."

Alikataa. Alirudi nyumbani akapambana majuma matatu. Nimeona watu wagonjwa, nimeona watu wakifa. Sijaona mtu mzima wa mwili akiteseka vile. Hakuwa na homa. Alikuwa na nguvu za kubeba ndama. Ni moyo tu uliokataa kukaa. Nami nilikuwa kwa mke mkubwa, mkono umefungwa vijiti, nikimsikiliza akitembea, sikumhurumia.

Iritongo lilikutana mwezi wa Oktoba, saa za mchana, watu wengi wamekaa. Mzee Wangwe ndiye aliyekuwa anasimamia. Kabla hajamaliza salamu, Matiko akasimama bila kuitwa.

"Nilisema sikumshika mkono Simoni," akasema. "Nilimwita kwa kazi. Nikamnywesha magome siku tatu bila yeye kujua. Alikuwa hataki kwenda. Nilitaka aende kwa sababu alikuwa ananionyesha kwamba mtu anaweza kukaa nyumbani."

Wangwe akamwambia akae, amechoka. Matiko hakukaa. Akawataja wengine, jina moja baada ya jingine, na kila jina lilipotajwa mwanamke mmoja kati yetu aliinuka. Hawakulia. Walisimama tu, mpaka wale wazee waliokula ng'ombe zake wakashindwa kutazama mbele. Mwisho nikasimama na mimi. Nikasema nilibeba bakuli. Safari hii nilisema.

Wazee waliamua chungu kivunjwe na Matiko asikae tena na vijana wala asitie neno kwenye mkutano. Waliamua pia atoe ng'ombe kwa nyumba ya kila kijana. Zizi letu likabaki na ndama na mbuzi.

Watu walipotawanyika, Matiko alimfuata Waisiko mpaka njia panda. Alinyoosha mkono mbele ya kila mtu.

"Nimesema."

"Nimesikia."

"Basi nipe."

"Niliahidi kufikiria," Waisiko akamwambia. "Nimefikiria."

Akampita. Sikuwahi kumwona akitembea vile, mabega juu, polepole, kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Aliniambia jioni ile alikula ugali mpaka akatia maji kwenye sufuria akaukwangua ukoko. Kwa miaka miwili chakula kilikuwa hakina ladha.

Matiko aliishi miaka mitano zaidi, akafa 1959. Hakuwa na wazimu na hakunipiga tena. Hakuwa na nguvu hiyo. Alikonda. Watu wakiamka kwenda kukamua walimkuta ameshaamka, amesimama kwenye lango la zizi lililobaki karibu tupu. Alijaribu kutafuta mzizi mwenyewe kando ya vijito vyetu, akachimba kila kitu cheupe, akakinywa, akatapika.

Miaka ya baadaye nilimuuliza mganga wa zahanati ya misheni kama mzizi unaweza kumgeuza mtu mzima hivyo. Akasema labda unalaza, lakini mengine huenda yalitokana na kupunguziwa yale magome, na kwamba Matiko alipougua ilikuwa dhamira yake tu. Nilimpelekea Waisiko maneno hayo.

"Hajala yeye," Waisiko akasema. "Mimi nimekula."

Nikamuuliza kama hajuti, hata kwa ajili ya mkono wangu ambao haukunyooka vizuri. Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kwanza.

"Kwa mkono, kidogo," akasema. "Kwa yeye, hapana. Angekuwepo ningemnyima tena."

Na wale ng'ombe aliopata, hakuwauza wala kuwala. Kwetu mwanamke asiye na mtoto anaweza kutoa mahari akaoa msichana, msichana akazaa na mwanamume waliyemchagua, na watoto hao wakawa wa nyumba ya yule aliyetoa mahari. Waisiko alioa hivyo mwaka 1956. Alimwoa msichana anayeitwa Nyangi, mcheshi, mwenye mdomo mwingi, ambaye hakumwogopa hata siku ya kwanza. Sherehe ilikuwa kubwa. Mimi nilikwenda kusaidia kupika, kwa mkono mmoja, na Waisiko akanikaribisha kwa maneno machache kama kawaida yake. Mtoto wa kwanza alizaliwa wa kike, analia sana, na nilimsikia Waisiko kutoka upande wangu wa shamba akimpigia kelele Nyangi kwamba maziwa ya mbuzi lazima yachemshwe kwanza.